Mechi ndogo za pasi na chenga: yanayosemwa viwanjani na yalivyo hasa

Jioni kwenye uwanja wa mtaani si ajabu kukuta watoto kumi na sita wamejipanga mstari mmoja nyuma ya koni, mpira mmoja, kocha na filimbi yake. Pembeni, watoto wasio na timu wanacheza chandimu wanne kwa wanne, na hao ndio wanaogusa mpira. Kocha anayeliona hilo huvunja mstari na kugawa mechi ndogo. Tatizo ni kwamba hata mechi ndogo zina maneno yake ya vijiweni, na mengine yanaharibu mazoezi.

"Mechi ndogo ni za kuchangamsha mwili, mazoezi yenyewe ni koni"

Piga hesabu. Watoto 16, kila mmoja anatumia sekunde 10 kuzungusha koni na kurudisha mpira. Maana yake mtoto anasubiri dakika mbili na nusu kati ya zamu na zamu. Katika dakika 20 anapata zamu saba, nane akibahatika. Wagawe watoto haohao kwenye mechi mbili za 4 kwa 4: dakika zote 20 kila mmoja yuko mchezoni, ana mpira, anaomba pasi au anakaba.

Foleni yenyewe si kasoro kubwa kuliko zote. Koni haikabi. Mtoto anaizunguka akitazama chini, na kesho yake akikutana na beki anayenyoosha mguu hajui apite upande gani wala wakati gani. Koni ziwe za dakika tano za mwanzo, kila mtoto na mpira wake, pale anapojifunza mguso mpya kama kugeuka kwa nje ya mguu. Baada ya hapo awekewe mtu mbele yake.

"Wazoee uwanja mkubwa mapema"

Ujerumani, tangu msimu wa 2024/25, watoto wa chini ya miaka 7 hucheza 2 kwa 2 au 3 kwa 3, wakiwa na magoli madogo manne. Marekani ni 4 kwa 4 hadi chini ya miaka 8, 7 kwa 7 hadi chini ya 10, na 9 kwa 9 hadi chini ya 12. Sababu ni nyepesi: mtoto wa miaka saba kwenye uwanja kamili ama anaufukuza mpira asiufikie, ama anasimama golini akihesabu ndege.

"Vipimo si hoja, weka koni nne wacheze"

Hapa ndipo zoezi linapofia. Kipimo cha uwanja ndicho kinachoamua mtoto atajifunza nini, kuliko jina la zoezi na kuliko mdomo wa kocha.

Kwa umri wa miaka 9 hadi 12, mechi ya 4 kwa 4 anza na mita 30 kwa 20. Hiyo ni mita za mraba 75 kwa kila mchezaji. Kwenye uwanja wa mita 105 kwa 68 wenye watu 22, kila mmoja ana kama 325. Huhitaji futi kamba, hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja.

Halafu nyamaza dakika mbili utazame. Mpira ukiwa unagongana na miguu na hakuna anayefikisha pasi mbili, uwanja umebana. Ongeza mita tano upande mmoja. Mtoto akipokea, akatuliza, akatazama kushoto na kulia na bado hajafikiwa na mtu, umepanuka mno, punguza. Wakibutua kutoka golini kwao na kufunga, goli ni pana au uwanja ni mfupi. Goli la mita moja na nusu linatosha, au weka sharti kwamba bao halihesabiwi mpaka mpira uvushwe nusu.

Umbo nalo linafundisha. Uwanja mwembamba na mrefu, tuseme 35 kwa 15, unalazimisha pasi za mbele na kumpa mpira mwenzio aliyegeuzia goli mgongo. Ukitaka wajifunze kuhamisha mpira kutoka upande mmoja kwenda mwingine, geuza: upana mita 30, urefu 20, na kila timu ishambulie magoli mawili madogo yaliyo kwenye kona. Mabeki hawawezi kuziba yote mawili. Wakijaa kushoto, goli la kulia liko wazi, na mtoto mwenye mpira analiona mwenyewe bila kupigiwa kelele. Kwa pasi, hatujui mchezo wenye faida kuliko huu kwa watoto waliofika miaka tisa.

Wa miaka sita na saba ni habari nyingine. Watajaa kwenye mpira kama nyuki, na kuwapigia kelele "tawanyikeni!" ni kujichosha. Punguza idadi. Kwenye 2 kwa 2, uwanja wa mita 15 kwa 10, msongamano hauna watu wa kuufanya.

"Duara linatosha kufundisha pasi"

Duara, yaani wa pembeni ya mraba wanapasiana na wa katikati wanawania kunyang'anya, likiwa la 4 kwa 1 (mita 6 kwa 6) au 5 kwa 2 (mita 9 kwa 9), ni zoezi zuri linaloharibika haraka. Mtazame anayepokea. Kama amesimama wima, visigino chini, kifua kimeuelekea mpira, hana njia ila kuurudisha ulikotoka. Anatakiwa asimame nusu upande, apokee kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka, na mguso wa kwanza uuondoe mpira kwa anayekaba. Mpigaji naye aulenge mguu huohuo. Pasi ikifika kwenye mguu wa karibu inamfunga mwenzie.

Kosa la pili liko katikati: anayekaba anachoka, anatembea, na duara linageuka maonyesho. Mpe sababu. Akinyang'anya na kutoka na mpira nje ya mraba, ni pointi yake.

Hata hivyo duara halina goli wala mwelekeo, kwa hiyo dakika kumi zinatosha, kisha nendeni kwenye mechi.

"Mguso mmoja mmoja utawafanya wapige pasi haraka"

Utawafanya wabutue haraka. Mtoto ambaye hajui bado kutuliza mpira, ukimwekea mguso mmoja anauondoa miguuni tu, popote uendako. Na chenga umeifuta uwanjani kwa amri. Miguso ibaki huru, badili pointi: bao lililotanguliwa na pasi tatu lihesabiwe mawili. Au ongeza mchezaji huru anayecheza na timu yenye mpira, 4 kwa 4 na mmoja, ili daima kuwe na mtu wa kupewa. Masharti ya miguso miwili yanafaa kwa waliokwisha kuimudu, kwenye kipindi kimoja, si jioni nzima.

"Anayepiga chenga ni mchoyo"

Tobo (mpira katikati ya miguu ya beki) na kanzu (mpira juu ya kichwa chake) zinawachekesha watazamaji, kisha kocha anamkaripia mtoto kwa kupoteza mpira. Akikaripiwa mara kadhaa anaacha, na akifika miaka 16 mnalalamika kwamba timu haina winga wa kumpita beki.

Chenga inafundishwa kwa 1 kwa 1. Chora uchochoro wa mita 10 kwa 15. Mlinzi anampigia mshambuliaji pasi, kisha anatoka kumkabili. Mshambuliaji anapata pointi akiusimamisha mpira kwenye mstari wa nyuma ya mlinzi. Mlinzi akinyang'anya anakwenda nao mstari wa pili, ulio nyuma ya mshambuliaji. Pambano lisizidi sekunde 30, na pumziko liwe mara mbili ya hapo, kwa hiyo jozi tatu kwa kila uchochoro.

Makosa yanajirudia. La kwanza, mtoto anafanya kiini macho akiwa ameshafika miguuni mwa mlinzi. Aanze mita moja na nusu hadi mbili kabla. La pili, anamdanganya beki vizuri kisha anaendelea kwa kasi ileile, beki anageuka na kumkuta. Kasi ibadilike kwenye mguso wa kutoka. La tatu, akishapita anakimbia sambamba na beki, badala ya kukata mbele yake na kumwacha mgongoni.

Mahali nako kuna maana. Chenga mbele ya goli lako ni hatari ya kweli. Gawa uwanja kwa mstari wa katikati: bao lililotokana na chenga kwenye nusu ya mpinzani lina thamani ya mawili. Watoto wataelewa wapi pa kuthubutu kabla hujamaliza kueleza.

"Kwanza wakimbie mizunguko, pumzi ndiyo kila kitu"

Mechi za 3 kwa 3 za dakika nne, pumziko dakika mbili, zikirudiwa mara nne au tano, pumzi zitapatikana. Mtoto aliyechoka kabla ya kugusa mpira anafanya mazoezi ya kukosea.

"Bila nyasi na magoli hakuna la kufanya"

Goli dogo ni ndala mbili. Tusitumie mawe, mtoto ataanguka juu yake. Kinacholeta shida zaidi ni mpira wenyewe. Chini ya miaka 8 wanafaa namba 3, miaka 8 hadi 12 namba 4, kuanzia 13 namba 5. Kumpa wa miaka saba namba 5 ni kumfundisha kupiga mpira kwa ncha ya kidole. Na kwenye udongo mgumu mpira uliojaa upepo unadunda mpaka magotini, kila pasi inakuwa ya kurukaruka na mtoto anaonekana hajui kutuliza. Utoe upepo kidogo, mpaka ukiubonyeza kwa vidole gumba viwili ukubali kidogo, kisha uwaangalie tena.