Kwa nini sehemu ya pili ya filamu ya mapigano huwagombanisha watazamaji?

Watu wawili wametoka kutazama The Raid 2. Mmoja anaapa kwamba tangu azaliwe hajaona mapigano makali kama yale. Mwenzake anasema alisinzia, tena mara mbili. Wametazama filamu ile ile, na wote wawili waliipenda ya kwanza. Sasa wanabishania nini?

Jibu la haraka ni kwamba sehemu ya pili siku zote huharibu. Si kweli. Drunken Master II ilitoka mwaka 1994, miaka 16 baada ya ile ya kwanza, Jackie Chan akigonga miaka 40, na wapo wengi, nami nimo, wanaoiona kuwa kali kuliko mtangulizi wake. Once Upon a Time in China II ya mwaka 1992, ambamo Jet Li anakutana na Donnie Yen, nayo ina mashabiki wasiotaka kusikia habari za ya kwanza. Kinachowagawa watu ni kitu kimoja ambacho filamu ya kwanza hukipata bure na ya pili hukitolea jasho: hofu juu ya steringi, yaani mhusika mkuu.

Fikiria The Raid ya mwaka 2011. Rama, anayeigizwa na Iko Uwais, ni askari mgeni kazini, mkewe ni mjamzito, na kikosi chake kimenasa ndani ya jengo la ghorofa lililojaa wahalifu mjini Jakarta. Hatujui huyu kijana anaweza nini. Kila ukumbi anaouvuka unatufundisha kidogo: kumbe anajua kutumia rungu, kumbe na kisu, kumbe akichoka bado anasimama. Silat, mchezo wa mapigano wa Indonesia ambao watazamaji wengi duniani walikuwa hawajawahi kuuona kwenye kioo, unajitambulisha kwetu pamoja naye. Mwishoni yeye na kaka yake wanamkabili Mad Dog, kijitu kifupi kinachopigana na watu wawili kwa mpigo na karibu kiwamalize wote. Hapo tumeuona ukomo wa Rama kwa macho yetu. Alibaki na pumzi moja.

Ndiyo maana kazi ya sehemu ya pili ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika filamu ya upelelezi unaleta maiti mpya na fumbo jipya, maisha yanaendelea. Kwenye filamu ya mapigano, hadithi ni mwili wa steringi, na mwili ule tumeshausoma. Wakijitokeza vijana wanane na mapanga, hatumwogopei yeye tena. Tunawahurumia wale wanane.

Waongozaji wanalijua hilo, na wengi hukimbilia kuongeza. Filamu ya kwanza ya Rama ina dakika 101. Ya pili, iliyotoka mwaka 2014, ina dakika 150. Bajeti nayo ilipanda kutoka takriban dola milioni 1.1 hadi kama milioni 4.5. Jengo moja likawa mji mzima: gereza, matope, magari yanayofukuzana, familia za wahalifu, msichana mwenye nyundo mbili, kijana mwenye gongo la besiboli. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu hakutia maji hata tone; aliongeza tembo mpaka mtungi ukafurika, na kuna wanywaji ambao tumbo liliwakataa.

Lakini kuna jambo ambalo anayelalamikia urefu huenda halijui. Gareth Evans, mwongozaji mzaliwa wa Wales, alikuwa na wazo la ile hadithi ndefu ya genge na gereza kabla hata ya The Raid. Fedha hazikupatikana, ndipo akabuni kitu kidogo cha kuigizwa karibu chote ndani ya jengo moja. Kidogo kile kikalipuka duniani, naye akarudi kwenye andiko lake la zamani na kumwingiza Rama humo. Ukiitazama ukiwa na habari hiyo, mengi yanaeleweka: kwa nini Rama anapotea kwa muda mrefu katikati, kwa nini moyo wa hadithi uko kwa Uco, mtoto wa bosi anayetaka kiti cha baba yake. Aliyekuja kumtafuta Rama wa jengoni anaona ameibiwa. Aliyekuja na kifua wazi anaona drama ya baba na mwana iliyochovywa kwenye damu. Wote wawili wanasema kweli, ila mmoja anahukumu mwendelezo na mwingine anahukumu filamu.

Njia ya pili ni kumpunguza steringi badala ya kuongeza maadui. Haina mbwembwe, lakini kwangu ndiyo inayofanya kazi zaidi. Katika Ip Man ya mwaka 2008, Donnie Yen, akiigiza mwalimu wa kung fu, anawashusha wanakarate kumi peke yake. Baada ya hapo utamtisha na nani? Ip Man 2, miaka miwili baadaye, inampeleka Hong Kong na kumpandisha juu ya meza kukabiliana na walimu wa mitindo mingine mpaka kijiti cha udi kiishe kuwaka. Meza ni ndogo, miguu haina pa kukimbilia. Na kwenye pambano la mwisho na bondia wa Kiingereza, waamuzi wanamkataza katikati ya mchezo kutumia mateke. Silaha yake nusu imechukuliwa, na mtazamaji aliyekuwa ameegemea kiti anakaa wima. (Wanaolalamika kwamba bondia yule ni katuni ya mkoloni wana haki yao, nami kelele zake zinanichosha.)

Drunken Master II inatumia ufunguo huo huo. Baba anamkataza kijana wake kupigana kilevi, ule mtindo wa kuyumba kama mlevi, kwa hiyo ujuzi tuliokuja kuutazama umefungiwa kabatini. Unachomoka mara moja katikati, baba anakasirika, nasi tunangoja tena, hadi kule kiwandani mwisho anapokunywa kilevi kisicho cha kunywewa na binadamu na kufungulia kila kitu. Ngumi zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichotuweka pale ni ile kiu.

Halafu kuna Boyka. Undisputed ya mwaka 2002 ilikuwa filamu ya ndondi za gerezani. Ya pili, mwaka 2006, iliacha ndondi tupu ikaingia kwenye mapigano ya mateke na kubanana, na adui wake, Boyka wa Scott Adkins, akamfunika steringi kabisa. Anaishia kuvunjwa goti. Sehemu ya tatu ya mwaka 2010 ikamgeuza yeye kuwa steringi, akianza na goti lile lile bovu, mtu aliyekuwa akiogopwa na gereza zima sasa akifanya kazi za usafi. Ni mfululizo wa nadra ambao wapenzi wake hawabishani sana kuhusu ya kwanza, maana wengi wao hata hawaikumbuki.

Wengine hukata kamba yote. Ong Bak ya mwaka 2003 ilimtambulisha Tony Jaa na Muay Thai yake, mchezo wa mapigano wa Thailand, bila waya za kumwinua hewani na bila ujanja wa kompyuta: kijana wa kijijini anayetafuta kichwa cha sanamu kilichoibwa. Ong Bak 2 ya mwaka 2008 inaturudisha Thailand ya karne ya 15, ikiwa na mtu mwingine, hadithi nyingine, tembo na mamba. Jaa mwenyewe alikuwa akiongoza, kazi ikasimama alipoondoka eneo la kurekodia kwa wiki kadhaa, na Panna Rittikrai, mwalimu wake, akasaidia kuikamilisha. Mapigano yake ni mazuri ajabu, na hadithi inakatika kama umeme. Sijui ungetegemea maoni gani zaidi ya yaliyogawanyika.

Liko na suala la mikono. Mashabiki wazoefu hutazama jina la mpangaji wa mapigano kabla ya jina la mwigizaji, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kamera ikae mbali au karibu, pigo liachwe lionekane lote au likatwe vipande vitatu. Ip Man mbili za mwanzo zilipangwa na Sammo Hung, ya tatu na Yuen Woo-ping, na mwenye jicho anaona tofauti kabla hajasoma majina. Katika Drunken Master II mwongozaji Lau Kar-leung, mtu wa kung fu ya kijadi, alitofautiana na Jackie Chan na kuondoka kabla ya mwisho. Chan akamalizia lile pambano la kiwandani. Kwa hiyo watu wawili wanaobishania filamu hiyo wanaweza kuwa wanawabishania waongozaji wawili bila kujua.

Mpangilio wa kutazama nao una uzito wake. Aliyeanza na sehemu ya pili hajui Rama anaweza nini, kwa hiyo hofu anayo bado nzima, na malalamiko ya wenzake anayaona kama ya mtu aliyeshiba anayelaumu chakula.

Hata hivyo, yule aliyesinzia mara mbili ukimbana atakiri kwamba pambano la jikoni alilitazama macho makavu. Kufikia pale Rama ameshapigwa, amechoka, na anayemsubiri, muuaji anayeigizwa na Cecep Arif Rahman, hapigi kelele wala hana kundi nyuma yake. Wanaanza mikono mitupu, wanapimana. Yule bwana anaonyesha kwamba anaijua silat sawasawa na Rama, pengine zaidi. Kisha anachomoa visu viwili vilivyopinda kama kucha, na kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya saa mbili hatujui nani atatoka jikoni akitembea.