Moshi mweusi si nguvu ya injini

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, malori yanayopandisha Newala huacha wingu jeusi nyuma, na vijiweni dereva anasifiwa: "Gari lina nguvu lile, ona linavyotema moshi!"

Si kweli. Moshi mweusi ni masizi, yaani dizeli iliyokosa hewa ya kutosha ndani ya silinda, au ikakosa muda wa kuchanganyika nayo, ikatoka nje haijaungua yote. Kilo moja ya dizeli huhitaji takribani kilo 14.5 za hewa iungue yote, na kwa kuwa mafuta hupulizwa na kuwaka kwa kufumba na kufumbua, injini huhitaji hewa zaidi ya hiyo. Fundi "akifungua pampu", yaani akiirekebisha isukume dizeli nyingi zaidi, gari lipande mlima, nguvu huongezeka kidogo, lakini mafuta yanayozidi hewa yanageuka masizi, joto la ekzosi linapanda, na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) na pistoni zinaumia. Mwenye gari analipia mafuta yanayoishia angani.

Kabla ya kugusa pampu, kagua njia ya hewa. Vumbi jekundu la barabara za uwanda wa Makonde huziba kichujio upesi, na mpira wa turbo ukipasuka hewa inavuja. Kisha nozo, zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zipelekwe kupimwa: iliyochoka hudondosha matone badala ya kupuliza ukungu, na tone kubwa haliwahi kuungua lote.

"Changanya mafuta ya taa, moshi utakwisha." Tafadhali usifanye hivyo. Pampu na nozo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulainishi huo. Uchakachuaji huo wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikithiri hadi serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011.

Wapo pia wanaoona moshi wote ni mmoja. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe ni dizeli isiyowaka, kwa ubaridi au taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) iliyochelewa, ama maji yameingia kwenye silinda.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba bomba lisipoonyesha moshi, hewa ni salama. Ukiwahisha taimingi masizi hupungua, lakini joto la mwako hupanda na oksidi za naitrojeni, ambazo ni gesi zenye madhara, huongezeka, nazo kwa kawaida hazionekani. Chembe ndogo kabisa za masizi pia hazionekani, na ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vibarua wanaopakia magunia ghalani huvuta hewa hiyo wakiwa nyuma ya lori linalounguruma. Injini izimwe mpaka upakiaji uishe.