Mchicha si adui wa warfarini

Ukianza kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutakosa jirani wa kukuonya uache kabisa mboga za majani. Si kweli. Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu, na ni kweli mchicha na sukuma wiki vina vitamini hiyo kwa wingi. Lakini daktari hupanga dozi kufuatana na ulaji wako wa kawaida, akiongozwa na kipimo cha INR (kinachoonyesha damu huchukua muda gani kuganda), ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kinachovuruga ni kubadili ulaji ghafla. Ukiacha majani, damu huweza kuwa nyepesi mno. Ukiyarudia kwa pupa, huganda kirahisi.

Cha ajabu, anayekimbia mchicha ndiye huyo huyo anayemeza vidonge vya kitunguu saumu au ginkgo (mti unaotumika kama dawa ya mitishamba) kimyakimya, eti “ni vya asili”. Hivyo ndivyo vinavyoweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Hata baadhi ya multivitamini zina vitamini K, kwa hiyo nenda kliniki na kopo lenyewe. Kitunguu saumu cha kuungia mchuzi hakina neno.