Timu ya kalingi inapokwenda ng'ambo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Timu ya kalingi ikitangaza kwamba inakwenda ng'ambo kujinoa kabla ya mashindano, maneno hayakosekani. Wapo wanaosema ni matembezi, wapo wanaosema pesa zinafujwa. Wengi wao hawajawahi kuutazama mchezo wenyewe kwa karibu: watu wanne, mawe mazito ya graniti, na njia ya barafu ya mita 45 na ushei ambayo jiwe huteleza mpaka kwenye duara la shabaha.

Dhana: Barafu ni barafu, popote uendapo.

Hii ndiyo mama wa dhana zote hizi. Barafu ya kalingi si laini kama kioo. Fundi hujitwika tangi la maji mgongoni, akarudi kinyumenyume huku akinyunyiza matone. Yakiganda huwa vipele, kisha ncha zake hukwanguliwa kwa wembe mpana zilingane. Jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Kwa hiyo ukubwa wa tone, joto la maji, usafi wake, unyevu wa ukumbi, hata umati wa watazamaji wanaopumua humo ndani, vyote hubadili mwendo wa jiwe. Mechi ikiendelea vipele hulika, na njia iliyokuwa ikikutii mwanzoni huanza kukudanganya.

Sasa fikiria timu inayofanya mazoezi kwenye kiwanja cha hoki ya barafuni, ambako barafu ina mabonde na jiwe hufuata bonde badala ya kumfuata mchezaji. Itajifunzia wapi kuusoma mpindo halisi wa jiwe, yaani jinsi linavyopinda likiteleza? Hata wenye ukumbi wao husafiri. Loco Solare, timu ya wanawake ya Japani iliyotwaa medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022, ina ukumbi wa kalingi nyumbani kwao Kitami, lakini imekuwa ikienda Kanada kucheza.

Dhana: Barafu ya kasi hulifikisha jiwe haraka.

Ni kinyume chake, na hapa hata wageni wa mchezo wenyewe hubabaika. Kwenye barafu ya kasi msuguano ni mdogo, hivyo mchezaji hulisukuma jiwe polepole zaidi ili lisipitilize. Saa ya mkononi inaweza kuonyesha sekunde 24 au 25 tangu jiwe livuke mstari wa kwanza mpaka litulie katikati ya duara. Kwenye barafu nzito, yaani yenye msuguano mkubwa, lazima ulitupe kwa nguvu, na sekunde hupungua. Mguu uliozoea kusukuma kwa nguvu hausahau kwa siku moja.

Dhana: Wanabeba mawe yao.

Jiwe moja halizidi kilo 19.96, lakini si jepesi pia: kiwango cha chini ni kilo 17.24. Nani atapakia mzigo huo kwenye ndege? Mawe ni ya ukumbi. Wachezaji hubeba brashi na viatu, basi. Ndiyo maana wakifika hujaribu mawe moja moja na kuandika lipi linapinda sana na lipi ni zito kwenda.

Dhana: Brashi ni ya kufagia uchafu.

Uchafu huondoka, ndiyo, ila kazi kubwa ni kuipasha barafu joto kidogo kwa msuguano ili jiwe lifike mbali na lisipinde mapema. Msuguaji hutoka jasho kwelikweli.

Dhana: Nchi isiyo na ukumbi haina lake.

Waulize Wafilipino. Februari 2025, kwenye Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia huko Harbin, timu yao ya wanaume iliifunga Korea Kusini na kutwaa dhahabu, ilhali wachezaji wake wengi wanaishi Uswisi. Nigeria nayo ilicheza mashindano ya dunia ya wachezaji wawili wawili huko Stavanger, Norwei, mwaka 2019.

Dhana: Ziara ni ya kurusha mawe tu, mkono uzoee.

Wangerusha mawe peke yao, gharama hiyo isingekuwa na maana. Wanachofuata ni wapinzani. Beijing 2022 kila timu ya watu wanne ilipewa dakika 38 za kufikiri kwa mechi nzima ya raundi 10. Kapteni aliyezoea kupanga mbinu bila presha huzimaliza mapema, halafu raundi za mwisho anaamua harakaharaka huku mpinzani akiwa na muda wa kutosha.