Rasheni ya kijeshi: ni nini, na wanaoionja wanatafuta nini?

Rasheni ya kijeshi ni chakula kilichofungashwa ili askari ale mahali pasipo na jiko, friji wala mpishi. Ndani ya boksi au mfuko mmoja mna chakula kilichokwisha kupikwa, biskuti au mkate, kitu kitamu, kinywaji cha unga, kijiko, na mara nyingi kifaa cha kupashia moto. Kutokana na chakula hicho imezuka burudani yake yenyewe: raia, wengi wao hawajawahi kuvaa sare, hutafuta rasheni za majeshi ya nchi nyingine, hufungua pakiti moja baada ya nyingine mbele ya kamera, huonja kila kitu hadi chumvi, kisha hutoa tathmini.

Ukiliona jambo hili mara ya kwanza utacheka kidogo. Nani ahangaike kuagiza maharage ya kopo kutoka ng'ambo? Lakini utamu wa shughuli yenyewe hauko kwenye maharage. Nafasi ndani ya boksi ni finyu na kila gramu itabebwa mgongoni, kwa hiyo kitu kisicho cha lazima kikipenya humo, ujue kuna watu waliokipigania.

Waitaliano, kwa mfano, wametia humo kipimo kidogo cha kordiali, kileo cha takribani asilimia 40, pamoja na miswaki ya kutumia mara moja na kutupa. Waingereza hawaendi popote bila majani ya chai. Boksi la Wafaransa, linaloitwa RCIR, ni la saa 24 na lina menyu 14 tofauti: kuna pate (nyama iliyosagwa laini ya kupaka) ya kuanzia, vyakula vikuu viwili, biskuti, chokoleti, kahawa, na jiko dogo la kukunja lenye vidonge vyake vya moto. Warusi wana galeti, biskuti ngumu zisizo na masihara, pamoja na nyama ya kopo na nafaka ya grechka. Makopo ya Wajapani yalijulikana kwa takuan, yaani figili iliyochachushwa, na wali uliopikwa na maharage mekundu. Waaustralia hupewa Vegemite (kipako cheusi chenye chumvi kinachotokana na hamira), maziwa mazito ya tyubu, na kipande cha chuma kiitwacho FRED ambacho ni kijiko, kifungua kopo na kifungua chupa kwa wakati mmoja. Mimi ningempa FRED alama zote kabla hata ya kuonja chakula.

Wamarekani wana MRE (Meal, Ready to Eat, yaani mlo ulio tayari kuliwa), iliyochukua nafasi ya makopo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfuko mmoja ni mlo mmoja wa takribani kalori 1,250, na menyu ziko 24. Kinachowavutia waonjaji wengi kwanza ni kipashio chake. Ni kipande bapa chenye unga wa magnesiamu uliochanganywa na chuma na chumvi, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Unamimina maji hadi kwenye mistari iliyochorwa, usizidishe, unatumbukiza pakiti ya chakula na kukunja mdomo wa mfuko. Kisha unaurudisha wote ndani ya kiboksi cha karatasi na kuuegemeza upande mmoja juu ya jiwe, maji yasimwagike. Mchoro wa maelekezo umeandikwa kwamba uegemeze kwenye "jiwe au kitu fulani", maneno ambayo yamekuwa utani wa kudumu kati ya wapenzi wa rasheni. Muda si muda mfuko unatutumka, mvuke unatoka, na baada ya dakika kama kumi chakula ni cha moto. Gesi inayotoka ni haidrojeni, nayo hushika moto kirahisi, kwa hiyo anayejaribu kifaa hiki chumbani madirisha yakiwa yamefungwa na sigara mkononi anatafuta balaa.

Ili kutathmini kwa haki, lazima ujue chakula hicho kimepitia nini. Hufungwa kwanza ndani ya kopo au mfuko wa foili, halafu hupikwa humo humo chini ya mgandamizo, kwenye joto la nyuzi 121 hivi, ili kuua hata vijimbegu vya bakteria vinavyostahimili maji ya kuchemka. Baada ya hapo MRE inatakiwa kudumu miaka mitatu ikihifadhiwa kwenye nyuzi 27, na istahimili kudondoshwa kutoka kwenye ndege. Karoti iliyopitia hayo italainika tu, na nyama italegea. Mkate nao hutunzwa kwa kupunguziwa unyevu na kuwekewa kipakiti kinachofyonza oksijeni, ndiyo maana ni mzito na unataka maji kila baada ya tonge. Pizza, ambayo askari wa Marekani waliiomba kwa miaka mingi, iliingia kwenye menyu mwaka 2018 tu, kwa sababu unyevu wa nyanya na jibini haukukubali kukaa karibu na mkate bila kuuharibu.

Kwa hiyo mwonjaji anayelinganisha rasheni na chakula cha hoteli hajasema lolote. Maswali yenye maana ni mengine. Je, kinalika kikiwa baridi, maana vitani moto haupatikani kila mara? Kinahitaji maji kiasi gani? Pakiti inachanika kwa vidole vilivyokufa ganzi? Uchafu unaobaki ni mwingi kiasi gani? Na la maana kuliko yote: utaweza kukila tena kesho na kesho kutwa? Chakula kinachorudi nusu hakina faida hata kama kalori zake zimeandikwa vizuri kwenye karatasi. Kimanda cha jibini na mboga cha MRE kilipewa na askari jina la utani lenye kutapika ndani yake, kikaondolewa. Halafu kuna suala la tumbo, ambalo waonjaji wengi hulikwepa kwa sababu wamekula mlo mmoja tu. Mwongozo wa MRE wenyewe ni kwamba isiwe chakula pekee cha mtu kwa zaidi ya siku 21, na askari wana mizaha mingi kuhusu safari za chooni zisizozaa matunda.

Kuna tawi jingine la burudani hii: kula rasheni za zamani. Anayejulikana zaidi ni Mmarekani anayetumia jina la Steve1989MREInfo, ambaye ameonja mpaka biskuti ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya miaka ya 1860. Ni historia inayotafunwa, siwezi kukataa kwamba inavutia, ila hapo tathmini imekwisha na umebaki mchezo wa hatari. Sumu ya botulini, inayotengenezwa na bakteria ndani ya chakula kilichofungwa, haionekani wala hainuki. Kopo lililovimba au mfuko uliotutumka kabla haujafunguliwa ni wa kutupa, bila mjadala.

Umri wa MRE husomwa kwenye namba ya tarakimu nne iliyopigwa kwenye pakiti. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kufungashwa, na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka huo: 1068 ni siku ya 68, yaani tarehe 9 Machi, ya mwaka 2021, au 2011, au 2001. Kasoro ya mfumo huu unaiona mwenyewe, na wauzaji wajanja wanaiona pia. Kinachosaidia ni kibandiko cha duara kilicho kwenye katoni. Kina mduara mdogo katikati unaozidi kuwa mweusi kadiri joto na siku zinavyopita. Ukishalingana na pete inayouzunguka, mzigo huo umepita wakati wake au umechomwa na jua stoo. Ndiyo sababu mnunuzi makini huomba picha ya katoni, si ya pakiti peke yake.

Katoni hizo pia huandikwa kwamba ni mali ya serikali ya Marekani na hazipaswi kuuzwa kibiashara. Zile zinazouzwa wazi madukani kwa kawaida ni toleo la raia, na tofauti huanzia kwenye vitu vidogo: mara kipashio hakimo, mara pipi na vikolezo vimepungua. Mwonjaji mzuri husema mapema ni ipi aliyonayo mezani.