Mwezi mmoja, maji mara mbili

“Mwezi ni mmoja, mwanangu. Mbona maji yanajaa mara mbili?”

Aliyeniuliza ni mama. Tulikuwa tumekaa mchangani, upande wa mashariki wa Unguja, yeye akifunga vipande vya mwani kwenye kamba, mimi nimerudi nyumbani na shahada ya fizikia. Nilikuwa nimetoka kumwambia, kwa kujiamini, kwamba mwezi huyavuta maji ya bahari na ndiyo maana yanajaa. Hakubisha. Aliuliza hilo tu, akaendelea kufunga. Nikanyamaza, kwa sababu picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya mwezi kuyainua maji yaliyo chini yake, kama mtu anavyoshika shuka katikati na kuivuta juu. Picha hiyo inatoa maji kujaa mara moja kwa siku. Bahari yetu hujaa mara mbili, na hilo kila mtoto wa pwani analijua kabla hajaanza shule.

Siku hizi kazi yangu ni kupima usawa wa bahari na kutayarisha majedwali ya kupwa na kujaa. Kila nikipata mwanafunzi mpya, namwanzishia na swali la mama. Likimshinda, najua kanuni ya mvutano ameikariri tu, kama nilivyokuwa nimeikariri mimi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687: kila kitu chenye tungamo huvuta kila kitu kingine, na mvuto huo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukiwa mbali mara mbili, unavutwa robo. Ukiwa mbali mara tatu, unavutwa sehemu moja ya tisa. Wengi huisoma hadi kwenye neno “huvuta” wakaona inatosha. Kumbe neno la kushika ni umbali. Dunia si nukta. Unene wake ni kilomita 12,700 hivi, na mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwenye kitovu chake. Upande unaoukabili mwezi uko karibu nao zaidi ya kitovu kwa kilomita 6,400 hivi, na upande wa pili uko mbali zaidi kwa kiasi hichohicho. Ukipiga hesabu, upande wa karibu unavutwa kuliko kitovu kwa asilimia 3 na kitu, na upande wa mbali unavutwa pungufu kwa karibu kiasi hicho.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kijijini na jibu. Nilizipanga simbi tatu mchangani, mstari mmoja kuelekea kwenye kikapu cha mama, tukakubaliana kwamba kikapu ndicho mwezi. Simbi ya mbele ni maji ya upande wa mwezi, ya kati ni dunia yenyewe, ya nyuma ni maji ya upande wa pili. Zote zinavutwa kuelekea kikapuni, lakini si sawasawa. Nikaisogeza ya mbele vidole vitatu, ya kati viwili, ya nyuma kimoja. Kisha nikamwomba aniambie anachokiona mtu aliyekaa juu ya simbi ya kati.

Alizitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya ile ya kati. “Ya mbele imemkimbia,” akasema. “Na ya nyuma kaiacha.”

Jibu lote liko hapo. Simbi zote zimekwenda upande mmoja, ila ukitazama kutoka katikati, nafasi zimepanuka mbele na nyuma. Maji ya upande wa mwezi yameitangulia dunia. Ya upande wa pili, dunia ndiyo iliyoyatangulia. Kwa hiyo vilima vya maji ni viwili, na dunia inapojizungusha tunavipitia vyote viwili. Mwezi nao haujakaa. Unasonga mbele kwenye njia yake, hivyo mzunguko wa maji huchukua saa 12 na dakika 25 badala ya saa 12 kamili, na kwa wastani kila siku maji huchelewa dakika 50.

Picha ya shuka inayovutwa juu tuiache kabisa. Tofauti hiyo ya mvuto, hata pale inapokuwa kubwa kuliko pote, ni kama sehemu moja ya milioni 10 ya uzito wa maji. Haiwezi kuyainua. Inachoweza ni kuyasukuma pembeni, kidogo kidogo, kutoka pande zote, yakatiririka na kukusanyika. Ngalawa iliyosheheni huwezi kuinyanyua, lakini ikiwa inaelea hata mtoto huisukuma kwa mkono mmoja. Nguvu ya mwezi ni ya namna hiyo.

Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyemtangulia Newton, alikataa kwamba mwezi unahusika. Katika kitabu chake cha mwaka 1632 alimshangaa mwanafalaki Kepler kwa kuamini kwamba mwezi una mamlaka juu ya maji, akatoa maelezo yake mwenyewe: dunia inapozunguka na kusafiri, maji hutikisika kama kwenye chombo kinachokwenda kwa kustuka. Maelezo hayo yalitoa maji kujaa mara moja kwa siku, na ile mara ya pili akalazimika kuitafutia visingizio vya umbo na kina cha bahari. Alikuwa mmoja wa watu wenye akili kuliko wote wa zama zake. Hakuwa na kanuni iliyomwambia apime tofauti.

Sasa tulilete jua, maana hapa ndipo kanuni inaponifurahisha kuliko mahali pengine popote. Jua ni zito kuliko mwezi mara milioni 27 hivi, na liko mbali kuliko mwezi mara 390 hivi. Zidisha 390 kwa 390, unapata 152,100. Gawa milioni 27 kwa namba hiyo, unapata karibu 178. Maana yake jua linaivuta dunia mara 178 zaidi ya mwezi. Mbona basi bahari inamfuata mdogo na kumwacha mkubwa? Ni kwa sababu kinachosukuma maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande huu wa dunia na ule, na tofauti hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Kwa hiyo igawe 178 kwa 390 mara moja zaidi. Unapata 0.46. Juu ya maji, jua lina nguvu isiyofika hata nusu ya ile ya mwezi. Hesabu hii naiandika ubaoni polepole, na sijaichoka.

Namba hiyo ya 0.46 ndiyo inayotupa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku za maji kujaa na kupwa kidogo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja, nguvu mbili zikajumlishwa: 1 na 0.46, jumla 1.46. Mwezi ukiwa nusu, jua linasukuma kukingama na mwezi, nguvu zikatoana, ikabaki 0.54. Gawa ya kwanza kwa ya pili: bamvua inatakiwa iwe kubwa kuliko maji mafu karibu mara tatu. Shuka gatini Unguja upime. Siku za bamvua kati ya maji kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita 3, na siku za maji mafu ni mita 1 na kidogo. Kanuni ya Newton, aliyekaa Cambridge, Uingereza, karne ya 17, inakubaliana na kijiti chenye alama kwenye nguzo ya gati letu.

Kwa Kiswahili tumebahatika kuliita jambo hili kanuni, kwa sababu neno sheria huleta fikra ya mtu anayeamuru. Mwezi hauyaamuru maji. Newton mwenyewe, katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1713, aliandika wazi kwamba sababu ya mvutano hakuweza kuigundua, na hatatunga dhana ya kujaza pengo. Alieleza jinsi mambo yanavyokwenda, kwa kipimo, akaishia hapo.

Lakini wavuvi watakuwa wameshaniona nina deni. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi hufika utosini kwenye saa sita usiku. Kama kilima cha maji kingekuwa chini yake, maji yangejaa saa hiyo. Kwetu hayajai. Yanajaa karibu saa kumi alfajiri, tena bamvua yenyewe huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kutimia. Na kuna deni la pili: kwenye dunia iliyofunikwa maji matupu, bila mabara, mwezi peke yake ungeleta tofauti ya karibu nusu mita tu. Hizi mita tatu zetu zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye umbo la Bahari ya Hindi. Mfaransa Laplace, miaka ya 1770, alionyesha kwamba maji hayatulii kwenye vilima vinavyoufuata mwezi. Yanakwenda kama mawimbi marefu mno yanayogonga mabara na kurudi. Mfikirie mtu anayesukuma bembea. Anayesukuma ndiye anayeweka mwendo, lakini bembea ipande hadi wapi inategemea urefu wa kamba yake. Mwezi na jua ndio wanaoweka mwendo. Mediterania bembea yake haiitikii, na sehemu nyingi za huko hutambui kama maji yamejaa au yamepwa. Bay of Fundy, Kanada, huitikia hadi zaidi ya mita 15. Kanuni ni ileile kwa wote.

Kwa hiyo sisi wa majedwali hatuanzi na mwezi, tunaanza na mahali. Tunapima usawa wa maji pale pale, kwa saa zote, kwa muda mrefu. Tukitaka wastani wa kuaminika kabisa, ni miaka 19, kwa kuwa njia ya mwezi ina yumbo linalochukua miaka 18.6 kujirudia. Kisha tunayachambua maji hayo kuwa mawimbi mengi madogo, kila moja na mwendo wake unaotokana na mvutano, na ukubwa wake unaotokana na mahali. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mwaka 1872 mashine ya kuyajumlisha tena: kamba moja imepita kwenye kapi nyingi, kila kapi ikipanda na kushuka kwa mwendo wa wimbi moja, na mwisho wa kamba kalamu ikichora maji ya kesho. Aliyewahi kupandisha tanga la jahazi angeielewa kwa kuitazama.

Mama hana jedwali. Ana neno moja alilopokea kwa waliomtangulia: bamvua hupwa saa nne. Nilikwenda kulipima neno hilo kwenye takwimu zetu, na ni kweli. Siku za bamvua maji yetu hupwa asubuhi, kati ya saa nne na saa tano, mwezi wowote, mwaka wowote. Ndiyo maana wakulima wa mwani wanapata kushuka ufukweni mchana kweupe. Haikuwa lazima iwe saa nne; pwani nyingine ina saa nyingine. Kwa kuwa bamvua huja mwezi unapokuwa mstari mmoja na jua, saa za mwezi siku hizo ni saa za jua, na ucheleweshaji wa bahari ya mahali ni uleule daima. Kila pwani basi ina saa yake ya bamvua, na haibadiliki.

Kuna jambo lingine alilonitajia, nami nawaachia mlipime wenyewe. Alisema siku za maji mafu maji “yanakawia mno” kuliko siku nyingine. Zile dakika 50 ni wastani tu. Chomekeni kijiti chenye alama ufukweni, siku mbili baada ya mwezi mpevu, mwandike saa ya maji kupwa kila siku kwa wiki mbili. Mwanzoni mtaona yanachelewa nusu saa na ushei kwa siku. Mkifika mwezi nusu yatachelewa zaidi ya saa nzima, kwa sababu mwezi na jua wakati huo wanayavuta maji kila mmoja kwa saa yake.