Huzuni ya muda mrefu: msiba wa korona ambao haujaisha

Huzuni ya muda mrefu ni majonzi ya kufiwa yanayogoma kupungua. Mfiwa anamlilia marehemu karibu kila siku, mawazo hayabanduki kwenye kile kifo, na uchungu unamshinda kiasi cha kuharibu kazi, malezi na maisha yake na watu. Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika ICD-11, mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022. Kigezo cha muda ni miezi 6 au zaidi tangu kifo, na iwe imepitiliza kile ambacho mila na dini ya mfiwa zinakiona cha kawaida. Wamarekani katika mwongozo wao wanataka mwaka mzima kwa mtu mzima.

Kulia si ugonjwa. Kumkumbuka mama kila Desemba ukoo unapokutana Moshi si ugonjwa hata kidogo.

Korona iliipa hali hii nafasi kubwa kwa sababu ilivuruga msiba wenyewe. Uchagani mtu akifia Dar es Salaam mwili unaletwa nyumbani, watu wanakesha, anazikwa kihambani, shamba la ukoo lenye migomba, kisha ndugu wanakaa matanga. Hapo ndipo mfiwa anapoulizwa kwa mara ya kumi ilikuwaje, na anapoeleza, kifo kinaanza kumwingia akilini. Wakati wa korona wapo waliozikwa haraka mbele ya watu wachache, na wapo wagonjwa ambao hawakuruhusiwa kuonwa wodini. Familia nyingine ziliambiwa tu “changamoto ya upumuaji”, zikabaki na swali lisilo na jibu: ilikuwa korona au la? Kwangu mimi, swali hilo ndilo lililowaumiza wengi kuliko tunavyokubali.

Arusha kulikuwa na pigo la pili. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, akiwa mkoani humo, na watalii walioingia Tanzania wakashuka kutoka takribani milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 620,000 mwaka 2020. Mwongoza watalii aliyefiwa na baba huku hana kazi alikuwa akihangaikia kodi na ada. Muda wa kuomboleza angeutoa wapi?

Miaka imepita, na dalili zinaonekana kwenye vitu vidogo. Fikiria mjane wa Machame anayeichaji simu ya mumewe kila jioni, hataki nguo zake ziguswe, na akisikia mtu anakohoa kwenye daladala anashuka kabla ya kituo chake. Majirani watasema amejitenga, au ana kiburi.

Hali hii inafanana na sonona lakini si kitu kimoja. Mwenye sonona hupoteza hamu ya karibu kila kitu. Mwenye huzuni ya muda mrefu moyo wake umeng'ang'ania mtu mmoja. Tofauti hiyo ni muhimu kwenye matibabu: dawa za sonona husaidia sonona ikiwepo, ila huzuni yenyewe hutibiwa zaidi kwa mazungumzo na mtaalamu, ambapo mfiwa husimulia kifo hatua kwa hatua na kurudia taratibu mambo anayoyakwepa. Moshi, hospitali ya KCMC ina huduma ya afya ya akili. Mfiwa akianza kusema heri amfuate marehemu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiri miezi 6.

Na ukoo ambao haukukaa matanga mwaka 2021 bado unaweza kuita ndugu, kufanya ibada ya kumbukumbu, na kumwomba aliyekuwa wodini aeleze mbele ya wote alichokiona.